Mapigo Ishirini na Mawili

Nimestaafu. Neno hilo watu humwekea mzee mwenye mvi, aliyekabidhiwa mkongojo na maneno matamu. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na mitano na mtoto bado ananyonya. Aliyenistaafisha alisema maneno mawili, "Nenda nyumbani," tena akiwa amenigeuzia mgongo. Basi barua ya kuagana najiandikia mwenyewe, na ninawaandikia nyinyi mtakaoketi tena kwenye kibanda cha baragumu pale Itungi. Najua mtaketi. Mvua haitaacha kunyesha, meli hazitaacha kuja, na Wadachi, au yeyote atakayewafuata, watataka kitu kipige kelele ili nahodha asiyeona kitu asipande mchanga.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini, kwa sababu sikupandishwa. Nitawaeleza kazi.

Siku ya kwanza nilifika na viatu mkononi. Njia ya Ndandalo hadi Itungi wakati wa masika si njia, ni mto uliopewa jina la njia. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la juu, lile la kuandaa walimu, na nilikuwa nikifundisha watoto kusoma huko Ndandalo. Mdachi msimamizi wa gati aliomba misheni impe mtu anayejua hesabu za sehemu. Wavulana wanaozijua walikuwa wameshachukuliwa kuandika kodi, nikabaki mimi. Mwalimu aliniambia, "Nenda, lakini usibishane." Nilishika nusu ya kwanza.

Mdachi huyo watu walimwita Bwana Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi mchana kutwa, wimbo uleule, na kila mara aliharibu pahali palepale. Alinionyesha mali yake. Tangi la chuma, limelala ubavu juu ya mawe, refu kama mtumbwi. Pampu ya mikono ya kusukumwa na watu wawili. Paani, baragumu la shaba. Watu wanasukuma mpini, kila pigo linaingiza hewa tangini, hewa inabanana humo ndani, na ukifungua njia ya juu inatoka kwa hasira kupitia baragumu mpaka ndege wanahama mabuani. Kando ya tangi kulikuwa na kitu chenye uso na mshale mmoja, ambacho wote waliita saa ya nguvu. Mshale ukifika alama ya kwanza, tangi limebeba hewa ya tangi jingine zima juu ya ile ya kawaida. Alama ya pili, matangi mawili. Kazi ilifanyika kwenye alama ya sita. Kwenye alama ya nane palikuwa na mstari mwekundu.

"Huko hapana kwenda," Bwana Mluzi alisema. "Huko inapasuka, puu!"

Alitaka jedwali: mapigo mangapi kufika kila alama, ili ajue aanze saa ngapi kabla ya meli. Mpaka siku hiyo walikuwa wakisukuma kwa kubahatisha. Mara tangi limejaa meli bado haijaonekana, mara meli iko mdomoni mwa mto na baragumu linalia kama mbuzi mgonjwa.

Msimamizi wa wasukumaji, mnyapara, alikuwa mtu mzima wa Ndandalo, mpole, mwenye miguu mikubwa yenye nyufa. Jina lake nitaliandika, lakini si hapa. Siku hiyo alinikuta nimepiga magoti nalikagua tangi kwa kamba.

"Ugonile, mwalimu. Unataka kulipikia nini hilo?"

"Nataka kujua linakula kiasi gani."

"Linakula migongo yetu. Andika hivyo, umemaliza."

Wasukumaji wakacheka, nami nikacheka, kisha nikawaambia walijaze maji. Kicheko kikakata. Nilikuwa nimekwisha kufikiri: mimi ni mtoto wa Wakisi, mama yangu ni mfinyanzi kule ufuoni, na chombo chochote kwetu hupimwa kwa kile kinachoingia ndani yake. Tulijaza tangi kwa kata ya kuchotea maji. Lilichukua kata mia mbili. Pampu, pigo moja, ilichukua kata mbili. Basi nikaona hesabu imejipika: mapigo mia moja kwa kila alama, mia sita kwa alama ya sita. Nikachora mstari ulionyooka kama uzi wa samaki, nikaupeleka kwa Bwana Mluzi nikiwa na kiburi cha kutosha watu watatu.

Tukasukuma. Alama ya kwanza, mia moja na moja. Sawa. Ya pili ikataka mia na tatu zaidi, ya tatu mia na sita. Kufika ya sita tulikuwa tumepiga mia sita na arobaini na nane, na mimi nimeuma penseli mpaka ndani.

Mnyapara ndiye aliyenifundisha. Alinishika mkono akauweka juu ya kichwa cha pampu. "Sikia. Pigo likiisha, haliishi lote. Kuna hewa inabaki hapa juu, inakataa kuingia, kwa sababu tangi limekwisha kushiba na linairudisha. Kadiri linavyoshiba ndivyo inavyokataa." Hakuwa amesoma hata siku moja. Alikuwa ameijua kwa mabega yake.

Tena akanifundisha la pili, kwamba mshale hudanganya ukiwa na moto. Hewa iliyobanwa inapata joto, mshale unapanda, halafu ukienda kula ndizi na kurudi unakuta umeshuka nusu alama wala hakuna kilichovuja. Mtu asiyejua hilo atalalamika kila siku kwamba tangi lina tundu. Kwa hiyo jedwali langu likawa na safu mbili, ya moto na ya baridi, na mstari wangu ulionyooka ukapinda kidogo kama jani la mgomba. Lilipigiliwa misumari ukutani. Mwandiko wangu mzuri, wino mweusi. Kumbukeni ulikuwa mwandiko wangu.

Mwaka mzima tulifanya kazi hivyo, mimi na yule mzee, bega kwa bega. Nilimkaripia akipoteza hesabu, naye aliniita "mwalimu wa kata mbili". Kisha mwanawe Ambakisye akanipenda, nami nikampenda, ng'ombe wakapelekwa ufuoni kwa baba yangu, tukafunga ndoa kanisani.

Hapa lazima niwaeleze nyinyi mnaotoka mbali. Kwa Wanyakyusa, mke hamwoni baba wa mumewe. Hamtazami, hasemi naye, sauti yake isimfikie, jina lake asilitamke. Akimwona njiani anaingia migombani. Wachungaji wamesema wee mpaka wamechoka. Kanisani waamini ni waamini, lakini mkwe na mkwe hawakai benchi zinazotazamana. Mimi kwetu mambo si makali hivyo, lakini niliolewa, na aliyeolewa hula kilicho chunguni.

Nikarudi kazini Jumatatu nikakuta kiambaza cha mianzi kimesimama katikati ya kibanda. Upande mmoja tangi na pampu. Upande wa pili mimi, meza, dirisha la kuangalia gati, na mlango wangu mwenyewe nyuma. Alikuwa amekijenga yeye, Jumapili, baada ya ibada. Alikiacha wazi kiganja kimoja chini, ili hewa ipite. Kutoka siku ile nilimjua mnyapara wangu kwa miguu yake tu, na hata hiyo sikupaswa kuitazama.

Kazi haikusimama kwa ajili ya heshima. Nilihesabu mapigo kwa masikio. Mkitaka kuijua pampu, zibeni macho: ngozi iliyokauka inakoroma, vali iliyokwama inapiga kofi, mtu aliyechoka anavuta mpini kabla haujafika chini na pigo lake si pigo. Nilikuja kuyajua hayo kuliko nilivyoyajua nilipokuwa naona.

Na maneno? Maneno yalipita kwa Lugano. Lugano alikuwa msukumaji wa zamani aliyeumia bega, mcheshi, mdomo haufungi, na kazi yake ikawa kutembea. Nikiwa na neno nagonga meza mara mbili. Lugano anatoka mlango wa mbele, anazunguka kibanda, anakuja mlangoni kwangu, ninamnong'oneza, anazunguka tena. Alikuwa akilalamika, "Mama, ukuta huu una unene wa kidole, na mimi naenda safari ndefu kama ya Talatala." Siku moja, kwa uchokozi tu, nilipima safari yake. Kutoka mlango wa mbele hadi kwangu, mapigo ishirini na mawili. Kurudi, ishirini na mawili. Nikamwambia, akacheka. "Niandike kwenye jedwali!"

Nilimwandika kwa penseli pembeni. Ulikuwa mchezo.

Sasa makosa. Yalikuwa matatu, na hakuna hata moja lililoonekana kubwa.

La kwanza, saa ya nguvu iliondolewa. Ile ya meli ilivunjika, Bwana Mluzi akaifungua yetu akaipeleka, na kwa kuwa kizibo cha usalama, kile kinachofunguka chenyewe hewa ikizidi, kilikaa kwenye bomba hilohilo, vikaondoka pamoja, bomba likazibwa. Aliniuliza kama tunaweza kufanya kazi kwa jedwali peke yake. Nikasema tunaweza. Nilifurahi, mnasikia? Nilivimba kichwa. Mshale umeondoka, mwandiko wangu umebaki.

La pili, kuinywesha pampu. Kila asubuhi wasukumaji walimimina kata moja ya maji kwenye pampu, ngozi ilainike na chuma kipoe. Ni desturi nzuri, msiiache. Ila maji yale hayapotei. Yanasukumwa na hewa mpaka tangini, na yanakaa. Ndiyo maana chini ya tangi kulikuwa na bilula, na kila Jumamosi mnyapara aliifungua ikatapika maji machafu.

La tatu, bilula hiyo ilianza kuvuja. Ikawa inafanya sss, sss, siku nzima. Bwana Mluzi, ambaye aliweza kutupigia wimbo mmoja kwa miaka mitano, hakuweza kuvumilia sss. Akayeyusha risasi akaiziba kabisa.

Alifanya hivyo nikiwa uzazini. Sikuwapo. Nilikaa nyumbani wiki kumi, na katika wiki kumi hizo waliinywesha pampu kata moja kila siku, na hakuna tone lililotoka.

Nilirudi na mtoto mgongoni, na mama yangu alikuwa amekuja kutoka ufuoni kunisaidia. Siku za kwanza nilisikia mambo mawili nisiyoyaelewa. Wasukumaji walikuwa wakihema mapema, na mmoja akasema mpini umekuwa mzito. Bwana Mluzi akamwambia uvivu ndio mzito. Na baragumu lilianza kwa ukali kuliko zamani, kisha likakata kabla ya mlio wa tisa, ule wa mwisho. "Hewa inavuja," akasema Bwana Mluzi. Alisema hivyo kila mara. Ndilo jambo pekee alilojua kuhusu hewa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua ile ya kwetu isiyo na mwanzo wala mwisho. Adhuhuri wanaume walitoka kwenda kula, na kwa kuwa mkwe wangu hakuwapo, mimi na mama tuliingia upande wa tangi kumtafutia mtoto pahali pakavu. Mama akalitazama tangi. Mfinyanzi haoni chombo akakipita. Alikunja kidole akaligonga chini, kati, juu, kama anavyogonga vyungu kabla ya kuvipakia mtumbwini. Akarudia.

"Hiki kina maji."

"Kina hewa, mama."

"Mwanangu, mimi nimegonga vyungu kabla hujazaliwa. Juu hapa panalia. Hapa chini ni bubu. Sikiliza."

Nikagonga. Chini, bubu. Nikapanda kidole kwa kidole, na karibu na nusu ya kimo chuma kikafungua mdomo kikalia. Nilimkabidhi mama mtoto, nikakaa chini. Wiki kumi, kata moja kila siku: kata sabini za maji ndani ya tangi la kata mia mbili. Nafasi iliyobaki ni kata mia na thelathini. Hewa ileile, mapigo yaleyale, chumba kidogo. Kila alama kwenye jedwali langu ilikuwa sasa ni alama moja na nusu na ushei. Mapigo mia sita na arobaini na nane hayakuwa tena alama ya sita. Yalikuwa yamepita ya tisa. Tulikuwa tumeuvuka mstari mwekundu kila siku, tukiimba.

Jedwali langu lilikuwa la tangi kavu. Hakuna mahali nilipoandika "tangi kavu". Nilidhani kila mtu anajua.

Nilimkimbilia Bwana Mluzi gatini, nimelowa chapachapa.

"Bwana, tangi lina maji, thuluthi nzima. Tusisukume leo kupita mstari wa nne wa jedwali."

"Nani amesema?"

"Mama yangu. Amegonga."

"Amegonga." Akatazama mvua. "Wewe mwanamke wa hesabu au wa vyungu?"

"Wa vyote viwili, Bwana."

"Jedwali nani ameandika?"

"Mimi."

"Jedwali inasema mia sita arobaini na nane?"

"Linasema hivyo kwa tangi kavu! Toa ile risasi, tumwage maji, kisha..."

"Meli inakuja leo. Saa kumi. Baragumu inakata mapema, wewe unataka kupunguza?" Akageuka. "Ongeza hamsini."

Nilirudi mbio. Wasukumaji walikuwa wamekwisha kuingia, nikapita mlango wangu wa nyuma, nikamchukua mtoto kwa mama aliyekuwa anaondoka, nikamfunga mgongoni, nikagonga meza mara mbili. Lugano akaja. Nikamwambia yote, maji, chumba kidogo, simameni mapigo mia nne na kumi na tisa, mstari wa nne. Akazunguka. Nikasikia sauti za chini upande wa pili, kisha Lugano akarudi, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na mzaha.

"Anasema: mwambie mke wa mwanangu nimesikia, na ninaamini kidole cha mama yake. Lakini Bwana amesimama mlangoni na saa mkononi. Nikisimama kabla ya hesabu ni hamsa ishirini kwa kila mmoja, na huyu kijana wa pili mgongo wake haujapona wa mwezi jana. Anasema tutapiga polepole. Huenda meli ikatangulia."

Viboko ishirini na vitano kwa mtu aliyesimama kabla ya hesabu. Hesabu yangu.

Wakaanza. Nilihesabu na jasho linanitoka kwenye baridi ile. Mia nne na kumi na tisa ikaja ikapita. Mia tano. Ngozi haikukoroma, vali haikupiga kofi, kila kitu kilikuwa kizuri, na huo ndio ubaya wa chuma, hakilalamiki. Chini ya kiambaza niliiona miguu ile mikubwa imesogea karibu na tangi. Nilijua anafanya nini. Alikuwa ameweka kiganja tumboni mwa tangi kusikiliza joto, kama alivyonifundisha.

Mia sita na saba. Kupitia dirishani nikamwona Bwana Mluzi anatoka mbio kwenye mvua kuelekea ncha ya gati. Alikuwa ameuona moshi wa meli. Mlango ulikuwa hauna mtu.

Mkwe wangu alikuwa ameupa mlango mgongo. Hakuona. Wasukumaji walikuwa wameinama, hawakuona. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba wanaweza kusimama sasa, mara moja, wala hakuna atakayewachapa. Kati yangu na yeye ulikuwapo mwanzi wa unene wa kidole.

Nikagonga meza mara mbili.

Ndivyo nilivyofanya. Sikupiga kelele, sikuita. Nilikuwa nimezoea. Mkono ulikwenda wenyewe mezani kama mkono wa mtu anayefukuza inzi. Lugano akatoka mlango wa mbele. Nikahesabu: mia sita na ishirini, mia sita na ishirini na tano. Mia sita na ishirini na tisa akafika, anahema. "Bwana ameondoka! Waache! Waache sasa hivi!" Mapigo matatu kusema hayo. Mia sita na thelathini na mbili akageuka akakimbia. Alikimbia kweli, nampa haki yake, lakini kwenye matope yale na bega lile.

Mia sita na arobaini na moja.

Sitaeleza sauti, kwa kuwa sikuisikia. Niliona jedwali linatoka ukutani. Mtoto wangu alinyamaza, halafu akaanza kulia, ndipo nikajua bado nina masikio. Nikakipiga kiambaza teke. Kilianguka. Teke moja tu, na mtoto mgongoni! Hakikuwa hata kimefungwa vizuri; aliyekijenga hakukijenga ili kimzuie mtu.

Tangi lilikuwa limepasuka chini, kwenye mshono uliokaa majini na kutu wiki kumi. Wasukumaji wawili walikuwa wametupwa mlangoni, wazima, mmoja damu zikimtoka sikioni. Mkwe wangu alikuwa chini, maji machafu yakimpitia, kiganja kimefunuliwa. Nikautazama uso wake. Miaka minne sikuuona. Ndevu zilikuwa zimeota mvi na mimi sikuwa na habari. Nilipiga magoti nikamshika kichwa, mkwe wangu, nikamwita, sasa nikamwita, wakati ambapo kuita hakukuwa na kazi. Hakuitika.

Lugano alikuwa amekaa kwenye matope nyuma ya kibanda, nusu ya njia. Safari ile ilimwokoa. Baadaye alinijia akasema, "Mama, ungepiga kelele ningekuwa nimesimama pale mlangoni kando yake. Sijui nikushukuru au nifanye nini." Nikamwambia asinishukuru. Ningeita, ningewaokoa nyote wawili, Lugano. Mapigo yangesimama mia sita na nane.

Msibani walikuja watu wa Ndandalo yote. Wanawake wakubwa walinikalia pande zote, mmoja akanishika goti. "Ndaga, mwana," akasema. "Ndaga fijo, asante sana. Tumesikia hata saa ile hukumwita. Umeheshimu. Wengine wa siku hizi wangepayuka." Na wale wengine wakaitikia. Walikuwa wananipongeza. Nilikaa pale, chakula chao mbele yangu, nikapongezwa.

Ambakisye, mume wangu, aliniuliza mara moja tu. "Ulimwona Bwana akitoka?"

"Nilimwona."

Akaenda kupalilia mpunga. Hajauliza tena, wala mimi sina cha kuongeza.

Bwana Mluzi naye alifanya uchunguzi, uchunguzi wa mtu mmoja. Aliokota jedwali matopeni, akalikausha, akaandika juu yake kwa wino mwekundu kwamba limekosea. Bilula iliyozibwa hakuiandika. Saa aliyoifungua hakuiandika. Hamsini aliyoiongeza hakuiandika, na kusema kweli hatukuifikia. Kisha akanigeuzia mgongo na kunistaafisha. Nilipotoka alikuwa anapiga mluzi, na aliharibu palepale.

Basi nyinyi mtakaokuja. Mtapewa tangi jipya, na pengine mtapewa jedwali langu, maana watu hawa hawatupi karatasi. Jedwali ni la kweli, wino mwekundu unadanganya. Lakini juu yake andikeni wenyewe, kwa herufi kubwa, TANGI KAVU. Kila asubuhi, kabla ya kuinywesha pampu, gongeni tangi kwa kidole kilichokunjwa, kutoka chini kwenda juu. Likiwa bubu, fungueni bilula. Likiwa bubu na bilula imezibwa, msishike mpini, hata aje na kiboko gani, mgongo hupona. Hewa haina ubaya wala huruma. Inataka nafasi, na mkiipunguzia nafasi itaitafuta. Na mkikuta mtu amesimamisha kiambaza katikati ya watu wanaofanya kazi moja, kiangusheni siku hiyohiyo, teke moja linatosha, nimejaribu. Kama kuna mama atakayesema hamna adabu, mleteni kwangu. Nitamwonyesha mtoto wangu, aliyenyang'anywa babu.

Nilisema jina lake nitaliandika. Mume wangu akilikuta humu atalia, na wanawake wale watasema nimelaaniwa. Aliitwa Mwakalobo. Nimelitamka sasa hivi kwa sauti, hapa jikoni, mara nyingi, huku nikigonga meza kwa mwendo wa pampu ili nipime. Linaisha kabla pigo moja halijafika chini.